Jina la Ali Hurdo

27 Februari

Dada wa kliniki amesema ninunue daftari niandike presha yangu kila asubuhi. Nimenunua. Leo presha sikupima kwa sababu pikapu ya maziwa ilichelewa kuingia, na maziwa hayangoji presha ya mtu. Lakini daftari limeshanunuliwa, na mimi Fahmo sijawahi kununua kitu nikakiacha kikae bure. Nitaandika yaliyopo.

Yaliyopo ni vumbi. Mtaa wetu wa Chechelesi wote ni vumbi, limeingia mpaka kwenye chumvi.

1 Machi

Mwezi umeandama. Wateja wa Islii, kule Nairobi, wameanza wazimu wao wa kila Ramadhani, kila mtu anataka kufuturu kwa maziwa ya ngamia na kila mtu anataka yake yawe ya kwanza. Mimi na Saadia tumeshinda tukifukiza mitungi kwa moshi wa mgunga, macho mekundu, tunachekana kama wasichana.

Niandike Saadia ni nani, maana dada wa kliniki akisoma atauliza. Ni jirani yangu, mlango kwa mlango, na ni mwenzangu wa maziwa tangu mwanangu Siyad ananyonya. Sasa Siyad anaendesha lori la Moyale na ana ndevu. Mitungi yetu tunaifunga kitambaa chekundu, yake na yangu, kimoja. Basi likifika Islii, mama anayepokea haulizi huu ni wa nani. Anauza, anatuma pesa kwa simu, tunagawana. Yule mama sijamwona kwa macho. Karatasi hakuna, sahihi hakuna. Unatuma kwanza, unangoja, pesa inakuja. Mtu wa benki akisikia biashara yetu atashika kichwa.

4 Machi

Tache amepiga simu kutoka upande wa Merti. Huyu ndiye Mborana anayenichungia Hoodo. Anasema majani ni haba lakini ngamia yuko salama na tumbo limeshuka. "Mvua ikianguka tu, Mama Siyad, utasikia sauti mbili kwa zizi."

Nimefurahi mpaka nikaunguza ugali. Hoodo ndiye peke yake aliyebaki. Mama yangu alikuwa na zizi la kumfanya mtu asimame njiani kuangalia, na ule ukame mkubwa ukaja ukawabeba mmoja baada ya mwingine, tukabaki na mizoga na Hoodo. Mama akafa mwaka huo huo. Neno lake la mwisho lenye akili lilikuwa, "Hoodo asiwe wa mwisho." Mengine aliyosema baadaye ilikuwa homa.

Basi hilo ndilo deni langu duniani. Zizi la mama lirudi. Presha sikupima.

9 Machi

Joto. Maziwa ya mitungi mitatu yameganda kabla ya basi. Tumeyanywa wakati wa futari, sisi na paka.

12 Machi

Baada ya futari Saadia amekuja na simu yake na uso wa mtu aliyeficha peremende mdomoni.

"Abaayo, keti chini." Abaayo ni dada, ndivyo tunavyoitana sisi Wasomali. "Keti, usikie maneno."

Akanionyesha video. Mzee amekaa kwenye kiti cheupe, kanzu safi, ndevu za hina, anaongea Kisomali chetu. Anasema yeye yuko Ughaibuni, Mungu amempa, na sasa anataka kuwakumbuka watoto wa askari wa Isiolo. Hapo nikakaa sawa. Sisi ni watoto wa askari. Wazee wetu waliletwa na Mwingereza wampiganie vita vyake, vita vikaisha akawaacha hapa na jua. Nani ametukumbuka tangu hapo? Hata ardhi tunayolalia tunaambiwa tulete karatasi.

Mzee anatoa zawadi ya kripto, ile pesa ya mtandaoni. Unatuma koini zako kwake, anakurudishia mara mbili, kabla ya Idi. Msimamizi wake anaitwa Abdisalan, yeye ndiye anayepiga simu.

Nikacheka. "Anayetoa sadaka anaomba kwanza? Sadaka gani hiyo inayoanza kwa kupokea?"

"Ni ya kuhakikisha mfuko wako wa kripto ni wa kweli, si wa mwizi. Wezi ni wengi mtandaoni."

"Haya. Na wewe umetuma?"

Akafungua mahali pengine kwenye simu, akanigeuzia. Ilikuwa namba, na chini yake namba nyingine iliyo mara mbili ya ile. Bangili za dhahabu za mahari yake, kumbe alishaziuza, mimi jirani mlango kwa mlango sijui. "Zimerudi mbili," akasema. Nikaangalia mikono yake, mitupu. Nikamwambia mashallah.

15 Machi

Makandi ameniudhi. Makandi ni Mmeru, anauza miraa mkabala na pale tunapopokea maziwa. Ramadhani mchana biashara yake inalala, kwa hiyo mdomo wake unaamka. Nilimwambia habari ya mzee wa video, akaweka mikono kiunoni.

"Mama Siyad, hebu nielimishe. Mtu ako na pesa, anataka kukupea pesa, so anakuomba pesa?"

"Mimi natuma maziwa Islii kwa mtu nisiyemjua na pesa inarudi. Hiyo mbona hukuicheka?"

"Huyo ananunua maziwa. Huyu ananunua nini?"

"Dua," nikasema. "Ni Ramadhani. Kwetu tajiri hutoa mwezi huu, na hutoa kwa damu yake kwanza. Nyinyi tajiri wenu hujenga ghorofa."

Akacheka mpaka wateja wawili wakageuka. Lakini alipomaliza kucheka alisogea, akashusha sauti. "Na namba ya simu ya huyo mzee... iko?"

Nikamwambia kaa na miraa yako.

18 Machi

Abdisalan amenipigia. Nimetoka kuswali alasiri, mswala bado uko chini.

Sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa. Akanisalimu salaam kamili, akaniuliza hali ya Siyad, hali ya mitungi, akamrehemu mama yangu kwa jina. Kisha akasema, "Najua hunijui. Nisikilize." Akaanza kuhesabu ukoo wangu. Fahmo, binti Nuur, mwana wa Hirsi, mwana wa Ali. Ukoo si siri, mtu yeyote wa kwetu anaweza kuuhesabu, na ndiyo kawaida yetu. Wengine wanaulizana kitambulisho, sisi tunaulizana babu. Nikawa nakubali tu, ndiyo, ndiyo.

Alipofika kwa Ali akacheka kwa heshima. "Ali Hurdo," akasema.

Kwa Kisomali hurdo ni usingizi. Mji mzima unajua babu wa baba yangu aliitwa Ali Askari. Lakini bibi yangu aliniambia, karibu na kufa kwake, kwamba Ali alilala zamu akiwa jeshini, ngamia wa Mwingereza wakaondoka na vifurushi vyote, na askari wenzake wakampa jina hilo mpaka kaburini. Ukoo wetu ulilizika pamoja naye. Aibu ya zamani, lakini ni yetu.

"Wewe umelijuaje?" nikamuuliza.

"Babu wa baba yangu ndiye aliyekuwa zamu naye usiku ule. Walichapwa pamoja."

Nimelia, wallahi. Nimelia kwa mtu wa simu. Vijana wawili waliochapwa jangwani, na vitukuu vyao wanaongea. Unamwombaje mtu kama huyo karatasi?

19 Machi

Sikufanya kazi vizuri. Nimemwagia maziwa mguu wangu mwenyewe.

22 Machi

Nimeamua. Hoodo. Nitamuuza, nitume, kabla ya Idi nitanunua ngamia wawili majike wenye umri mzuri. Mmoja awe wawili, wawili watazaa, zizi litarudi nikiwa hai nilione. Saadia amesema, "Hakuna haraka, abaayo, fikiria." Nikamwambia haraka iko, Idi ni wiki ijayo. Akatazama pembeni. Nikasema moyoni, mwenzangu ana huruma, anajua Hoodo ni nani kwangu.

Nimempigia Tache. Nikamwambia amlete mnadani.

"Mama, hii ngamia iko na mimba."

"Najua, Tache. Ndiyo bei itapanda."

"Ngamia iko karibu kuzaa haiuzwi. Hata kwa shida. Una shida gani?"

"Sina shida. Nina bahati."

"Mama, hii ikizaa ni mbili. Hata hujafanya kitu. Ni kukaa tu na kungoja mvua."

Nikamkasirikia. Nikamwambia wewe chunga, mimi ndiye mwenye ngamia. Akasema sawa mama, kwa ile sauti ya Waborana wakikuheshimu na kukuona mjinga kwa pamoja.

25 Machi

Hoodo ameletwa na lori, amefika mnadani ameinua kichwa kama bibi harusi asiyetaka kushuka garini. Alinitambua. Alinusa shela yangu, akapuliza pua kwenye shingo yangu, na nywele zote zikanisimama. Nilimpa chumvi kiganjani.

Aliyemnunua ni mzee wa upande wa Kulamawe, mfugaji, si mchinjaji. Nilimwapisha. Tache alipokea kamba yake tupu, akaikunja, akaniaga bila kunywa chai. Ni Ramadhani, angekunywaje chai, lakini hata kuahidi kuja kuinywa siku nyingine hakuahidi.

26 Machi

Tumetuma. Nilinunua koini kwa kijana wa duka la simu, kisha Saadia akanisaidia kutuma kwa sababu macho yangu na zile herufi ndefu hayapatani. Kidole chake kilitetemeka kabla ya kubonyeza. Nikasema ni saumu.

Abdisalan alituma ujumbe papo hapo: "Zimefika, dada wa damu." Kwenye simu yangu sasa kuna namba, na chini yake namba nyingine mara mbili yake. Nimeiangalia mpaka adhana ya magharibi.

28 Machi

Mvua! Mvua ya kwanza, ya mawe, imepiga mabati mpaka tukashindwa kusikiana. Watoto wa Chechelesi wote wako nje uchi. Harufu ya udongo. Nimemkumbuka Hoodo, nikamwombea huko aliko.

31 Machi

Idi. Nimevaa gauni langu jipya la dirac. Pesa bado.

1 Aprili

Bado.

2 Aprili

Bado. Abdisalan anasema benki za Ughaibuni zimefunga kwa Idi. Nimesema sawa.

5 Aprili

Mvua haikati. Barabara ya Merti imekatika, pikapu za maziwa zimekwama matopeni, mitungi yetu mitupu imepangwa ukutani na kitambaa chekundu shingoni. Nimemuuliza Saadia, "Zako ulizitoaje? Nifundishe." Akasema mfuko wake una njia nyingine. Njia gani? Akasema ana kichwa kinauma. Amekwenda kulala saa nne asubuhi, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kulala jua likiwa juu.

9 Aprili

Nimekaa kwenye ndoo niliyoipindua na nimeshindwa kuinuka mpaka sasa. Naandika hivi hivi.

Abdisalan amepiga. Sauti ile ile ya asali. Akasema mfuko wangu umefungwa, lakini nisihofu, hauhitaji pesa yoyote kuufungua. Ni kuleta watu wawili tu. Wakituma, wangu unafunguka siku hiyo hiyo, Hoodo wangu anarudi wawili. Hivyo ndivyo alivyosema, "Hoodo wako." Sikumbuki kumtajia jina la ngamia.

"Watu gani?" nikauliza.

"Wa damu. Nitajie wawili ambao ukiwaambia kitu hawaulizi mara mbili. Na uniambie majina yao ya nyumbani."

"Majina ya nyumbani?"

"Yale ya ndani, dada. Yale wasiyoyajua watu. Ili wajue sisi ni wamoja."

Mvua ilikuwa inapiga. Nikakata simu bila salaam.

Ali Hurdo. Bibi yangu aliniambia mimi peke yangu. Baba hakuwahi kulitamka, mama sidhani alilijua, Siyad sijamwambia. Na mimi katika maisha yangu nimemwambia mtu mmoja. Ilikuwa siku tunafukiza mitungi, moshi umetutoa machozi, tukawa tunataniana ukoo wa nani una aibu kubwa. Yeye akaniambia ya kwao. Nami nikamwambia ya kwetu, na tulicheka mpaka tukaangusha mtungi.

10 Aprili

Nimeingia kwake bila hodi.

Alikuwa anachambua mchele. Nikasema neno moja tu. "Hurdo."

Sinia lilimponyoka, mchele ukamwagika chini wote. Basi, sikuhitaji jibu. Lakini nilitaka anijibu kwa mdomo wake, nimsikie.

"Saadia, zile bangili zilirudi?"

"Hazikurudi."

"Hata senti?"

"Hata senti, abaayo."

"Usiniite abaayo."

Akaanza kulia na kuongea pamoja. Kwamba aliziuza bila mumewe kujua. Kwamba mumewe alikuwa anarudi Idi na angeuliza. Kwamba Abdisalan alimwambia lete watu wawili, zako zinafunguka, nao zao zitarudi, hakuna atakayepoteza, ni kupokezana tu kama tunavyopokezana kwenye chama. "Nilidhani ukituma, yangu itafunguka, na ya kwako itafunguka na mwingine, na mwingine. Niliamini, Fahmo. Naapa niliamini."

"Uliamini nini? Ulinionyesha namba ukaniambia zimerudi mbili. Ulijua ni uongo kabla sijamfungua Hoodo kamba!"

"Nilijua hazijarudi. Niliamini zitarudi."

Ebo! Mtu anagawanya uongo nusu kwa nusu kama mkate.

"Ulimtajia Hoodo?"

Akakubali kwa kichwa.

"Siku ile tumetuma, kidole chako kilitetemeka. Ulikuwa umebakiza kuniambia neno moja. Moja! Ungesema 'subiri'. Nilikulisha siku ulipofiwa na mtoto. Nilikuosha. Neno moja, Saadia!"

Hapo ndipo aliposema jambo ambalo sijui nilifanyie nini. Alisema, "Aliniambia nimtajie mtu ambaye nikimwambia kitu haulizi mara mbili. Sikufikiri hata kidogo. Nilikutaja wewe."

Siku nyingine yoyote ningeichukua hiyo kama sifa.

Nimetoka. Mchele niliukanyaga.

11 Aprili

Nimekwenda kliniki. Dada amepima presha, akapima tena, akaniuliza nimekula nini. Nimemwambia nimeliwa mimi, na mtu niliyemwamini. Hakucheka. Ameandika dawa.

14 Aprili

Polisi wameandika maelezo. Afande aliniuliza mtuhumiwa anaitwa nani. Abdisalan. Wa wapi? Sijui. Sura yake? Sijui. "Mama, uliuza ngamia kwa sababu ya sauti?" Nikamwambia si sauti, ni babu. Akaweka kalamu chini.

16 Aprili

Mvua. Sijaongea na mtu.

19 Aprili

Abdisalan anatuma ujumbe kila asubuhi. "Wawili tu, dada wa damu." Nilitaka kumzuia asiweze kunipata. Sikumzuia.

Naandika hapa kwa sababu mahali pengine sina. Leo nimekaa na jina la Khadijo kichwani siku nzima. Khadijo ni mjane, anauza sambusa karibu na kituo cha mabasi, anamtunza baba yake asiyeona. Ana akiba. Nikimwambia nimepata, atatuma. Hataniuliza mara mbili. Na jina la ndani la ukoo wao ninalo. Neno moja kwa Khadijo, na pengine, pengine, Hoodo anarudi. Moyo wangu ulisema pengine mara nyingi sana. Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya hicho kitu. Ukishatumbukia, anayekutoa ni yule utakayemvuta.

Nimeswali, nikarudi, jina bado liko pale pale.

20 Aprili

Khadijo mwenyewe amenipigia! Mungu ana mambo.

"Salaam aleikum, Fahmo. Hongera, walaal, ndugu yangu."

"Hongera ya nini?"

"Usinifiche. Saadia aliniambia wiki ile kabla hamjagombana, kwamba zawadi umepata na ngamia wawili umenunua. Nami nataka kutuma akiba ya baba, ya kutibu macho yake. Nikasema kwanza nimsikie Fahmo mwenyewe, maana Fahmo hasemi uongo."

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta chambo, kumbe nilishatiwa kwenye ndoano zamani. Jina langu lilikuwa linazunguka mjini likiuza. Walionisalimu kwa tabasamu sokoni wiki hiyo nzima, kumbe walikuwa wananihesabia ngamia.

"Fahmo? Umepata kweli?"

Nilisikia mzee wake akikohoa nyuma.

"Sikupata," nikasema. "Nimemuuza Hoodo na sikupata hata kwato. Usitume, Khadijo. Ukituma nitakuja kukuvunjia karai la sambusa."

Alilia yeye, mimi nikamnyamazisha. Dunia hii.

22 Aprili

Barabara imefunguka, pikapu zimeingia zote kwa pamoja, wanawake wa maziwa wamejaa pale tunapopokelea. Saadia alikuwa mwisho kabisa, na mitungi yake. Nikapanda juu ya kreti.

"Mnanijua," nikasema. "Mnasema nimenunua ngamia wawili. Sina hata mmoja. Niliuza ngamia wa mama yangu nikampa mtu wa simu kwa sababu alinitajia jina la siri la ukoo wangu. Basi na mlisikie wote, liishe kuwa siri. Babu wa baba yangu hakuwa Ali Askari. Ni Ali Hurdo! Alilala zamu, akapoteza ngamia wa serikali nzima! Na kitukuu chake amelala, amepoteza mmoja!"

Nikasikia mitungi ikidondosha maji. Kisha mama mmoja mzee, sauti kama mlango mbovu, akasema, "Wetu aliitwa Mwizi wa Viatu." Mwingine akasema wao walimwita Kikojozi mpaka alipooa. Haki ya Mungu, kila mmoja akatoa la kwao, aibu za miaka mia moja zikamwagwa pale katikati ya maziwa, watu wanajishika mbavu. Makandi alivuka barabara akauliza kuna nini, akaambiwa, akasema kwao babu yake aliogopa kuku.

"Sasa," nikasema, "akikupigia mtu akakutajia jina la ndani, mwambie hata mbuzi wa mnadani analijua."

Wawili walikuja kunishika mkono baadaye, pembeni, wasionekane. Nao walishatuma. Wote wawili waliambiwa mimi nimepata.

Sikumtaja Saadia. Sikumtaja kwa sababu nilitaka yeye mwenyewe aseme, na nilimpa nafasi, nikasubiri juu ya ile kreti mpaka magoti yakauma. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa chekundu mkononi. Hakusema kitu. Hilo limeniuma kuliko Hoodo.

23 Aprili

Nimefunga mitungi yangu kitambaa cha kijani. Mama wa Islii amepiga simu kuuliza kijani ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akauliza, "Na nyekundu?" Nikamwambia ni mwingine.

2 Mei

Mume wa Saadia amejua. Wamegombana, ukuta wetu ni mwembamba. Sikuongeza sauti ya redio, wala sikuipunguza.

8 Mei

Ujumbe umeletwa na Makandi, maana yeye sasa ndiye posta yetu. Saadia anaomba msamaha. Nimemjibu nimemsamehe, mbele ya Mungu asije akadaiwa. Makandi akauliza, "Na kuongea, je?" Nikamwambia aulize miraa.

Makandi hakwenda. Alikaa. "Mama Siyad, mimi pia ningetuma," akasema. "Siku ile ulininyima namba, nilikununia siku mbili."

11 Mei

Mvua imepungua. Majani yamefika magotini kwenye kiwanja cha shule. Presha: nimepima. Dada amesema afadhali.

17 Mei

Tache amepiga. Sikutarajia. Nilidhani hataniita tena mama.

"Mama, nilipita Kulamawe na mbuzi. Nimeiona Hoodo."

Nikakaa chini.

"Imezaa. Siku nne. Mtoto ni jike, nyeupe kama mama, miguu mirefu haijui kuipanga. Mzee ni mtu mzuri, ameipa kivuli. Nilisema nikwambie."

"Amempa jina?"

"Bado."

Nilimshukuru. Nikamwambia njoo mjini unywe chai. Akasema atakuja, Mungu akipenda, na safari hii alisema vizuri.

Jike. Sauti mbili, kwenye zizi la mtu mwingine. Furaha na uchungu vimebanana mlango mmoja, na nikajua siwezi kubaki nalo peke yangu, lazima nimwambie mtu sasa hivi. Nikachukua simu. Nilikuwa nimeshatafuta namba, nimeshabonyeza, inaita, nasikia mlio wake upande wa pili wa ukuta, ndipo nikaona nimempigia nani.

Nikakata.

Upande wa pili mlio ukanyamaza. Kisha nikasikia akija mpaka mlangoni kwake, akasimama pale. Nami nilikuwa nimesimama kwangu. Hakuna aliyefungua.

Nimekuja kuandika hapa.